Malagarasi tunauvuka tu: siku nzima kwa kayaki mpaka ziwani

Kuna jambo limenikaa kichwani muda mrefu sana. Sisi watu wa Kigoma mto Malagarasi tunaujua, hakuna asiyeujua, ni wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Rufiji, kilomita kama 475 hivi, ila tunaujua kwa kuuvuka tu. Ukipanda treni ya Tabora unasikia mlio wa reli umebadilika, mtu wa dirishani anasema "Malagarasi hiyo", unachungulia, umeshapita. Ukienda na basi unapita daraja la Kikwete, mita 275, konda hajamaliza hata kuhesabu chenji mko ng'ambo. Na sisi ambao kwa kina mama ni Ilagala tunavuka na kivuko, mnapanda humo na pikipiki na madumu ya mawese na magunia ya mihogo, mnasimama dakika chache mnaangalia maji ya kahawia yanapita chini yenu, mnashukia Kajeje kila mtu anaendelea na yake. Hayo maji yametoka wapi yanaenda wapi, hakuna anayeuliza.

Na hii ni ya tangu zamani. Wale wazungu wapelelezi, Burton na Speke walipopita 1858 wakielekea Ujiji, Stanley 1871 anamtafuta Livingstone, habari zao za Malagarasi ni za kuvuka, kubishana hongo, yaani ushuru wa kupita, na wakuu wa Uvinza ndo mitumbwi itolewe. Burton anamtaja kabisa mwenye mamlaka ya kivuko, Mutware, maana Wavinza walijua thamani ya mto wao, huvuki bure. Stanley yeye punda wake mmoja alishikwa na mamba shingoni wakati anavutwa kwa kamba kuvushwa, ikawa basi. Wote hao wameuvuka wakaenda zao. Mimi nilitaka kuufuata. Niingie mahali asubuhi, nitokee Ziwa Tanganyika jioni, nione kila kona.

Boti ndo ilinichelewesha. Mwaka juzi kuna jamaa mgeni alikuwa anafungasha kurudi kwao akaniuzia kayaki mbili zilizotumika, tena za baharini, sio zile fupi pana za kuchezea ufukweni. Hizi ni ndefu, mita 5 na kidogo, nyembamba kiasi kwamba ukikaa nyonga zinagusa huku na huku. Mbele na nyuma kuna vyumba viwili vimezibwa kabisa, unafungua mfuniko wa mpira unaweka nguo, chakula, chandarua, unafunga, hata pale unapokaa pakijaa maji boti bado inaelea. Nyuma ina usukani mdogo unauendesha kwa miguu. Alafu kuna kitambaa unakivaa kiunoni kama sketi, unakivutia kwenye mdomo wa tundu unalokalia, wimbi likija juu linamwagika pembeni haliingii ndani. Wavuvi wa Katonga walipoziona mara ya kwanza waliuliza zinabeba dagaa kilo ngapi, lakini siku moja walituona tunarudi na ziwa limechafuka, wakaja wenyewe kuzishika shika na kuuliza zimetengenezwaje.

Mtu atasema si ungechukua tu mtumbwi. Mtumbwi ni mzuri sana kwa mto, naukubali, ila mimi nilikuwa nafikiria mwisho wa safari, pale mto unapoingia ziwani mida ya alasiri upepo umeshaamka. Pale ndo unajua kwa nini boti iwe imefunikwa juu.

Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana mikono ya chuma ila haraka nyingi. Na mjomba, kaka yake mama, mvuvi wa mtoni pale Ilagala tangu kijana. Bila mjomba nisingeenda na ninasema hivi kwa mtu yeyote anayefikiria kwenda, usiingie Malagarasi bila mtu wa Malagarasi. Jioni ya kabla tulikaa naye nje kwake, nikamwamkia, "shikamoo mjomba", "marahaba mjomba, sasa niambie mnataka nini huko majini", nikamweleza yote. Akanyamaza muda mrefu. Akasema viboko atatupitisha yeye, atatungoja na mtumbwi wake kwenye kambi fulani ya wavuvi katikati ya njia, kabla ya hapo tusiguse kona ya nje. Alafu akasema kitu nilidhani ni methali, "Mti ukiwabana, ukumbateni. Msiukimbie."

Ilikuwa mwanzoni mwa Mei, mvua zimekata wiki moja tu, mto bado umejaa. Kenta ilitupeleka juu mpaka barabara ilipoishia, vijana wa kijiji wakatusaidia kubeba kwenye njia ya miguu kama kilomita nzima, tulishamtaarifu mwenyekiti wao mapema kwa hiyo hakuna maswali. Tuliingilia chini ya maporomoko ya Igamba, mbali kidogo, pale mto umeshatulia. Juu huko ndo kwenye ule mradi wa umeme wa megawati 49.5, na juu zaidi ni Uvinza na chumvi yake, wanachemsha chumvi pale tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vyungu na majiko chini ya ardhi.

Saa 12 na nusu asubuhi tukaelea. Ukungu umelala juu ya maji, huoni ng'ambo, unasikia tu mdiria analia na maji yanapita kwenye matete ssss. Akina mama walikuwa wanachota maji kwenye sehemu waliyoizungushia miti iliyochomekwa majini ili mamba asipite, mmoja akatusalimia "Mwakeye!" tukaitikia, akatuangalia mpaka tukapotea kwenye ukungu. Nilijisikia vizuri mwilini siku ile, sijui nielezeje. Kasia linaingia kulia linatoka, linaingia kushoto, hutumii mikono unazungusha kiwiliwili, boti inakwenda kama imepakwa mawese. Nikiacha kupiga kasia simu inasoma kilomita 5 kwa saa, mto wenyewe unanibeba, nikipiga inafika 9, 10.

Ngoja niwaambie kuhusu kona maana ndo mto wote. Malagarasi huko chini hauendi moja kwa moja hata kidogo, unapinda unarudi unapinda, unaona mlima huo huo kulia kwako, baada ya nusu saa uko kushoto. Kwenye kila kona maji yanakimbia upande wa nje, yanagonga ukingo, yanaula. Upande wa ndani yanapoa, yanaacha mchanga. Kwa hiyo kila kona nje ni ukuta wa udongo mwekundu umekatwa wima, mizizi inaning'inia, na ndani ni fungu la mchanga jeupe limelala taratibu. Ukishaelewa hilo unaanza kuuona mto kama kitu kinachotembea na ardhi, unakata hapa unaweka pale, unakata unaweka, siku zote. Na ile miti iliyokuwa imesimama ukingoni, ardhi ikiisha chini yake inalala majini. Hapo ndo hatari.

Mida ya saa 2 na nusu dogo alikuwa mbele yangu, alinipita, nilitakiwa nimkatalie, mbele nilitakiwa niwe mimi na tuachiane nafasi kubwa, hilo kosa ni langu. Kona ya kushoto ilikuja ghafla, kali. Upande wa nje mkuyu mkubwa umelala majini, majani bado mabichi kabisa, umeanguka juzi juzi, maji yanapita katikati ya matawi yake kama kwenye chujio. Sasa kayaki ya baharini imetengenezwa iende mbele imenyooka, ndo uzuri wake ziwani, ila kuigeuza inataka muda. Nikamwona anavuta usukani, anapiga kasia upande mmoja, pua inaanza kugeuka lakini mto haumsubiri, umembeba ubavu ubavu mpaka kwenye shina, pwaa, boti imelala mshazari na maji yote ya Malagarasi yanamsukuma kutoka mgongoni.

Mtu akisukumwa na mti anafanya nini? Anajivuta nyuma. Ni akili ya mwili. Dogo akajivuta, akaegemea upande maji yanapotokea, na saa hiyo hiyo nikaona maji yanapanda juu ya boti upande ule, yanaizamisha, anaanza kupinduka kwenda chini ya mti. Nilipiga kelele moja tu, "KUMBATIA!"

Akajirusha mbele akalikumbatia lile shina kwa mikono yote miwili, kifua na shavu kwenye gamba. Boti ikainama upande wa mti, maji yakaanza kupita chini yake badala ya kupanda juu, ikatulia. Hivyo tu. Ninaandika hapa nimeshakaa kwangu na bado vidole vinatetemeka.

Mimi nilikuwa nimekata upande wa ndani, kwenye maji yanayorudi nyuma taratibu, nikapandisha boti kwenye mchanga nikatoa kamba. Nikamwangalia. Mkuyu ule ulikuwa na majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, kiota chao kimepasuka na wamemvamia, nawaona wanatembea shingoni, masikioni, kwenye kope. Na hakuachia. Macho amefumba, mdomo amefumba, amekumbatia. Nilirusha kamba mara ya kwanza ikapita, mara ya pili, ya tatu ndo akanyoosha mkono mmoja akaishika akaifunga kwenye pua ya boti. Tukaenda hivyo, mimi navuta, yeye anajisogeza kwa mikono kwenye shina, shibiri kwa shibiri mpaka kwenye ncha, ikachukua kama dakika 20. Alipofika mchangani alivimba uso mzima. Kitu cha kwanza alisema, "kaka, mjomba alijuaje?"

Tukakaa pale, tukala mihogo ya kuchemsha na karanga, nikamtoa majimoto mmoja mmoja kwenye nywele. Kofia na chupa ya maji vilienda. Jaketi la kuokolea alilivaa tangu asubuhi limekazwa, na wewe ukienda livae, sio unaliweka miguuni ukisema nitalivaa nikiona hatari. Nilimuuliza tuishie hapa? Akasema hapana ila wewe tangulia.

Baada ya hapo safari ilikuwa nyingine kabisa, tulikuwa tunasoma maji. Kila kona naanza kukata kwenda ndani mapema, mita 60, 70 kabla, nasikiliza kabisa maana mti uliolala majini unaunguruma kabla hujauona. Tulipita furukombe wawili juu ya mti mkavu, mmoja anatupa kichwa nyuma analia na mwenzie anaitikia ng'ambo. Kenge wamejianika. Mamba tuliona watatu kwenye mafungu ya mchanga, wawili wadogo, mmoja mkubwa kuliko boti zetu au karibu sawa, aliingia majini taratibu bila hata kutikisa, na hapo hatukuongea mpaka kona mbili mbele. Nyani wanakunywa maji wote kwa mstari. Sehemu fulani mto ulikuwa kimya na mpana na jua limeshapanda, nikawaza yale maji yamepita kwenye yale mabwawa ya juu, Malagarasi na Muyovozi, lile eneo oevu ambalo 2000 lilikuwa la kwanza Tanzania kuingia kwenye mkataba wa Ramsar wa kulinda maeneo oevu, ni kubwa ajabu, hekta zaidi ya milioni 3, mafunjo tupu na samaki na wale ndege wenye mdomo kama kiatu. Lile bwawa linakunywa mvua ya masika na kuitoa kidogo kidogo, ndo maana hata Septemba kila kitu kimekauka Malagarasi bado unatiririka. Udongo mwingi unaingia chini ya hapo, mto Ruchugi unashuka nao kutoka milima ya Kasulu unaungana pale Uvinza, na kingo zenyewe kama nilivyosema. Hii habari ya udongo naiweka hapa kwa sababu, mtaona.

Mjomba tulimkuta kambini saa 4 na nusu, amekaa juu ya mtumbwi wake anavuta sigara. Akamwangalia dogo usoni akacheka kidogo tu, akasema "pole baba. Umeukumbatia?" "Nimeukumbatia mjomba." "Haya."

Viboko sasa. Mjomba alitangulia, amesimama kwenye mtumbwi, pondo mkononi, sisi nyuma yake tumeshikana karibu. Tulipofika kwenye kidimbwi kirefu kabla ya kona akasimamisha mtumbwi kwenye matete akaanza kugonga ubao kwa pondo, ko, ko, ko, taratibu, kama mtu anapiga hodi. Anasema kiboko ukimshtukia anakuua, ukimpigia hodi anakuangalia. Vichwa vikaanza kuibuka, na kila kimoja kikiibuka kinatoa pumzi kama basi linaloachia breki za upepo. Mjomba anahesabu kwa sauti ya chini. Tano. Saba. Nane. Akaacha kuhesabu lakini haendi. Dogo akasema mjomba twende, wote wako upande ule. Mjomba akasema "Ni tisa." Tukangoja. Mimi moyo unapiga mpaka nausikia kwenye ile sketi ya boti. Ikapita dakika, mbili, labda nne, hakuna kitu, maji yametulia kabisa, mdiria anaelea hewani anapiga mbawa anatafuta samaki. Na hapo, mbele yetu kabisa, kwenye ile njia ambayo dogo alitaka tupite, akaibuka wa tisa. Mkubwa, masikio yanazunguka, akatuangalia, akapumua, akasogea taratibu kwenda kwa wenzie kwenye maji marefu. Mjomba akasema sasa, na tukapita upande wa kina kifupi tukisugua matete, kasia linaingia bila sauti, na kamwe usikae kati ya kiboko na maji marefu, hilo alirudia mara tatu.

Nilimuuliza baadaye alijuaje ni tisa. Akasema "wiki iliyopita walikuwa tisa, na hakuna aliyeniambia kuna msiba."

Tulifika kivukoni Ilagala saa 7 na dakika 20 mchana. Watoto wakajaa, kila mtu anataka kushika, watu waliokuwa juu ya kivuko wanatupigia picha. Na bibi yangu alikuwa amekaa chini ya michikichi tangu saa 5 anasubiri, na beseni limefunikwa kanga. Bibi amezaliwa ng'ambo ya kusini akaolewa huku, ameuvuka mto huu tangu enzi za mitumbwi mpaka leo kivuko. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, mmetoka wapi huko?" "Huko juu bibi, karibu na Igamba." Akaangalia juu mtoni, akaangalia boti. Akafungua beseni, ugali wa muhogo, migebuka ya kukaanga, na sombe, yaani kisamvu, imeungwa mawese mpaka inang'aa. Sijawahi kula hivyo. Dogo alikula huku uso umevimba jicho moja halifunguki na bibi anampaka mawese kwenye ngozi.

Bibi ana shamba dogo la michikichi, mwendo mfupi kutoka pale, kwenye kona. Upande wa nje wa kona. Masika mawili haya ya karibuni mto umemchukulia michikichi 11, mingine alipanda na babu kabla mama hajazaliwa. Alitupeleka tukaangalia kabla hatujaondoka. Ukuta wa udongo mwekundu umekatwa wima, mizizi inaning'inia, vile vile kama nilivyoona asubuhi nzima, ila asubuhi nilikuwa naangalia kama mtu anayeangalia mto na sasa naangalia shamba la bibi. Alisimama mbali na ukingo, akaonyesha kwa fimbo juu ya maji, "pale ndo ilikuwa mstari wa kwanza." Ni katikati ya mto pale.

Alafu akaniuliza. Taratibu kabisa, sio kwa huzuni. "Wewe unaufuata mpaka mwisho, si ndiyo? Uniangalizie. Huu udongo wetu huwa unaenda kukaa wapi?"

Nimevuka mto ule na bibi tangu nikiwa nabebwa mgongoni na sikuwahi kujua kwamba ana hilo swali.

Tukaondoka saa 8 na nusu. Mjomba alibaki, akatuambia tukifika kwenye mafunjo njia zitakuwa nyingi, tufuate magugu yanayoelea, yenyewe yanajua mkondo mkubwa uko wapi. Ikawa kweli. Chini ya Ilagala mto unapoteza haraka, unatanuka, unagawanyika, huku matete, huku mafunjo yamezidi kimo cha mtu mara mbili, mayungiyungi yamefunika maji yaliyosimama, na upepo unakuja usoni sasa, upepo wa ziwani una harufu yake. Tulipotea mara moja tukaishia kwenye uchochoro uliozibwa na matete, boti ya mita 5 kuigeuza humo ni kazi, tulirudi kinyumenyume. Mbu mchana kweupe. Tukaona miti imekufa imesimama ndani ya maji na msingi wa nyumba umezama, maana miaka hii ziwa limepanda sana, waliokaa chini wamehama.

Mara mafunjo yakaisha, mbele ikawa nyeupe tu.

Kwenye mdomo kuna fungu, mchanga umejikusanya chini ya maji, mkondo wa mto unatoka na mawimbi ya ziwa yanaingia na yote yanakutana juu ya fungu, mawimbi yanasimama wima mafupi mafupi yanavunjika. Hapa nikazishukuru hizi kayaki. Tulivaa sketi vizuri, nikamwambia dogo achague saa, usiache kupiga kasia, tukaingia. Wimbi la kwanza lilinipiga kifuani, la pili lilipita juu ya pua likaja mpaka tumboni likamwagika pembeni, la tatu liliinua boti yote nikaona ziwa lote hadi milima ya Kongo, na tukawa tumetoka. Dogo alitokea nyuma yangu anapiga kelele za furaha, uso wake ule.

Na nje pale kuna mstari. Upande huu maji ya kahawia, upande ule bluu nyeusi, na kati yake mstari wa povu na majani na vijiti, umekwenda mpaka huoni mwisho. Niliisimamisha boti juu yake, mkono wa kushoto kwenye mto, wa kulia kwenye ziwa. Tanganyika ina kina mpaka mita 1,470, ina umri wa miaka milioni 9 mpaka 12 wanavyokadiria wataalamu, na bado wanasema mto huu ni mkubwa kwake kiumri. Kabla ardhi haijapasuka na ziwa kuwepo Malagarasi ulikuwa unaendelea tu kwenda magharibi mpaka Kongo, na mpaka leo kuna samaki wa Malagarasi ambao ndugu zao wako mto Kongo na ziwani hapa katikati hawapo. Ziwa ndo lilikuja likaukata. Niliangalia ile milima ya ng'ambo na jua linashukia kule, nikaona hata mto wenyewe kumbe kuna mtu amekaa katikati ya njia yake.

Tukageuka kufuata ufukwe kutafuta pa kulala na hapo ndo nikaliona. Upande wa kaskazini wa mdomo kuna nchi kavu mpya, ya chini, ndefu, haimo hata kwenye ramani ya simu, ramani inaonyesha maji. Tukapandisha boti. Saa 11 na nusu jioni, simu inasoma kilomita 47 tangu asubuhi. Nilivua viatu. Mchanga juu, ila ukichimba kwa kidole kidogo tu unakuta udongo, mwekundu, laini, unashikamana, ule ule. Matete yameota. Na kuna mtu, nadhani mvuvi maana kibanda chake kilikuwa pale na nyavu zimeanikwa, amepanda mahindi mistari sita na mihogo.

Mtandao ulishika nikisimama juu ya mtumbwi uliogeuzwa. Nikampigia mjomba ampe bibi simu.

"Bibi, nimeuona. Uko huku, umetoka nje ya maji, nimesimama juu yake."

Akakaa kimya nikadhani simu imekatika. "Hapo pameota nini?"

"Matete bibi. Na mtu kapanda mahindi."

"Yamestawi?"

Nikashuka nikaenda kuangalia, nikarudi kupanda tena. Nikamwambia yamestawi, yanakaribia kubeba. Akasema sawa, akauliza kama dogo jicho limefunguka, na kama tumepata pa kulala.